Injini ya naitro iliyoganda: namna ninavyoifungua, kuisafisha na kuiwasha tena

Injini kongwe za naitro, zile ndogo za magari ya rimoti zinazotumia methanoli badala ya petroli, nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazijafa. Zimeganda tu. Aliyeimiliki mwanzo aliendesha gari lake, akachoka nalo, akaliweka darini na mafuta ndani, na miaka ishirini baadaye likaingia kwenye kontena la mitumba pamoja na baiskeli na majokofu. Kinachoziua hasa ni mikono ya mtu wa kwanza kuzifungua hapa. Nimeona pistoni zenye meno ya plaizi, silivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) iliyopigwa msasa ikang'aa kama kijiko, na kichwa kilichotolewa kwa patasi. Zile sikuzipokea. Zilizoganda tu huwa nazipokea kwa furaha.

Kazi yangu ya mchana ni mashine za boti hapa Malindi, Unguja, nyingi Yamaha za wavuvi. Hizi ndogo ni kazi ya baada ya alasiri. Fundi wa boti ana bahati kidogo, kwa sababu injini hii nayo ni ya mipigo miwili, hupakwa mafuta kwa yale yaliyochanganywa kwenye fueli, na haina vali za juu. Lakini ana hatari pia: mambo matatu anayoyajua vizuri kwenye boti yataiharibu hii. Nitayataja kila moja mahali pake.

Kwanza jua umeshika nini. Tazama ubavuni mwa bodi ya injini, utakuta namba: 12, 15, 21. Hizo ni sehemu za mia za inchi ya ujazo. 12 ni takriban cc 2, 15 ni kama cc 2.5, 21 ni karibu cc 3.5, nayo ndiyo saizi ya magari makubwa ya mashindano ya kipimo cha moja kwa nane. Jina nalo liangalie. OS ni ya Osaka, kampuni aliyoianzisha Shigeo Ogawa mwaka 1936, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwa kuwa mitumba yetu mingi ni ya Japani. Enya nayo ni ya Japani. SuperTigre ni ya Bologna, Italia. Jina na namba ndivyo vitakavyokuwezesha kutafuta pistoni au oringi (ringi ya mpira ya kuzuia kuvuja) ikibidi, kwa hiyo viandike kabla hujagusa spana.

Kisha shika flaiwili, lile gurudumu zito lililo kwenye ncha ya shafti, kwa vidole ujaribu kuizungusha. Ikigoma, acha hapo hapo. Usivute kamba ya kuwashia, maana nyuma yake mna beringi ya njia moja na vipande vya plastiki ambavyo havitakusamehe. Na usitie flaiwili kwenye plaizi ya bomba.

Inagoma kwa sababu ya mafuta ya nyonyo. Fueli ya injini hizi ni methanoli, naitromethani na mafuta ya kulainishia, na zamani mafuta hayo yalikuwa ya nyonyo, peke yake au yamechanganywa na ya viwandani. Nyonyo hustahimili joto kali kuliko mafuta mengi, ndiyo maana yalipendwa. Ila methanoli ikishapaa, yale yaliyobaki hukauka polepole yakawa gundi ya rangi ya hudhurungi, na gundi hiyo hushika pistoni, beringi, kabureta, kila kitu. Gundi hii hailegei kwa nguvu. Hulegea kwa joto.

Fungua plagi. Dondosha mafuta mepesi ya mashine kupitia tundu la plagi, mengine kupitia mdomo wa kabureta na tundu la ekzosi. Washa draya ya saluni, elekeza kwenye bodi hadi usiweze kuishika kwa mkono mtupu, kisha ijaribu flaiwili: kidogo mbele, kidogo nyuma. Usilazimishe izunguke duara zima. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda. Ongeza mafuta, pasha tena, endelea. Ikigoma kabisa, ilaze usiku kucha ikiwa imejaa mafuta, urudie kesho. Kuna kijana wa Michenzani alinitazama nikifanya hivi akaniambia, "Fundi, lete nyundo basi, jua linakuchwa." Nikamwambia, "Kaa kitako, mwanangu, jua litachomoza tena, pistoni ya hii haiuzwi Darajani."

Kufungua

Piga picha kila hatua. Skrubu za injini hizi ni za aleni na vichwa vyake vimejaa uchafu, kwa hiyo chokoa kila kimoja kwa sindano mpaka funguo iingie hadi chini. Spana ya aleni iliyochakaa usiitumie hata kwa skrubu moja. Pasha moto kwanza, legeza kwa kuvuka: hii ya kulia mbele, kisha ya kushoto nyuma.

Ukinyanyua kichwa utaona washa nyembamba sana, za shaba nyekundu au aluminiamu, moja au zaidi. Zihesabu, ziweke kwenye bahasha. Hizo ndizo zinazoamua mgandamizo, na ukipoteza moja injini itakuwa nyingine.

Kifuniko cha nyuma kinatoka kwa skrubu zake. Silivu ndiyo inayowashinda watu. Haivutwi kwa koleo. Chukua kile kifungio cha plastiki cha kufungia nyaya, kiingize kupitia tundu la ekzosi kiwe juu ya pistoni, pasha bodi moto, kisha zungusha flaiwili taratibu. Pistoni itapanda, itasukuma plastiki, na plastiki itainyanyua silivu bila kuikwaruza. Ikishatoka, weka alama ya kalamu upande wa mbele wa pistoni na wa konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Vinarudi vilevile vilivyotoka, maana vimeshazoeana na ukuta wa silivu upande huo.

Flaiwili imebanwa na nati na kipande cha koni kilichopasuliwa. Nati ikitoka, flaiwili bado itashika. Tumia pula ndogo. Ukipiga nyundo kwenye ncha ya shafti, utaharibu nyuzi na kuziumiza beringi.

Kuchemsha

Hapa ndipo miaka inapotoka. Tafuta sufuria ya umeme ya wali ambayo haitapikiwa tena maisha, hilo sikutanii. Tia kulanti halisi ya gari isiyochanganywa na maji, ile yenye ethilini glaikoli. Weka bodi, kichwa, silivu, pistoni na krenki, pasha ifike karibu na nyuzi 90 hadi 100, isichemke kwa fujo, uiache saa kadhaa. Gundi ya nyonyo itaachia yenyewe na kulanti itageuka kahawia. Ukitoa vipande, viswaki kwa mswaki wa meno, suuza kwa maji ya moto sana, kausha kwa draya, vipake mafuta papo hapo. Krenki iliyosafishwa ikaachwa bila mafuta, kwa hewa yetu ya chumvi, asubuhi ina kutu.

Kabla ya kuchemsha toa plastiki zote, oringi zote na kamba ya kuwashia. Kichwa chenye rangi ya zambarau au buluu nakisafisha pembeni kwa spiriti, kwa kuwa kulanti ya moto inaweza kuipausha rangi hiyo.

Fanyia kazi hii nje, si jikoni. Ethilini glaikoli ni sumu, tena ni tamu, na Mji Mkongwe una paka kuliko watu. Hata iliyomwagika kidogo chini, ifute yote. Iliyotumika irudishe kwenye galoni yenye kifuniko na uiandike jina.

La kwanza katika yale matatu niliyosema: mafundi wa boti tunapenda kutumia kostiki kung'arisha vyuma. Usithubutu hapa. Kostiki hula aluminiamu, na bodi nzima hii ni aluminiamu. Dawa za kusafishia oveni nazo nyingi ni kostiki hiyo hiyo iliyotiwa kwenye kopo zuri.

Pistoni na silivu

Nyingi za magari ya rimoti hazina ringi. Pistoni ni ya aluminiamu yenye silikoni nyingi, silivu ni ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu au nikeli kwa ndani. Silivu hiyo haikutobolewa sawasawa: juu imebana kidogo kuliko chini, tofauti ndogo ambayo jicho haliioni. Injini ikipata moto, sehemu ya juu hupanuka zaidi na silivu huwa sawa. Ndiyo maana ikiwa baridi na pistoni iko juu kabisa inakwama, na watu hudhani imeharibika. Kukwama huko ndiyo afya yake.

Jinsi ya kupima: safisha vyote viwe vikavu, ingiza pistoni kwa chini, isukume kwa kidole kimoja. Nzuri itapanda kwa urahisi kisha itakataa kabla ya kufika ukingo wa juu. Ikipita moja kwa moja na kuchomoka upande wa pili, imekwisha. Halafu itazame silivu kwenye mwanga wa jua, hasa jirani na tundu la ekzosi. Ukiona umanjano wa shaba umechungulia kupitia kromu, au kromu imebanduka, hiyo haifufuki. Tafuta pistoni na silivu mpya, viuzwavyo pamoja. Kuna wanaoibana silivu upya kwa kifaa maalumu ili irudishe ukali wake. Inafanya kazi kwa muda, na kwa injini ya kuweka kabatini sina ugomvi nayo. Kwa injini ya kukimbia, ni kujidanganya.

Msasa usikaribie hapa. Wala dawa ya kusagia vali, wala brashi ya waya. Weusi uliobaki juu ya pistoni baada ya kuchemsha uache ulivyo, hauna madhara.

Konrodi: shika pistoni, vuta na sukuma konrodi kwa urefu wake kwenye pini ya krenki. Mchezo wa pembeni ni wa kawaida. Mchezo wa juu na chini unaousikia kwa vidole ni dalili kuwa bushi imelika.

Beringi

Methanoli hunyonya unyevu hewani. Injini iliyoachwa na fueli ndani, unyevu huo ulikaa juu ya beringi ya nyuma miaka yote. Kwa hiyo mimi beringi huwa sizijadili sana, nabadilisha zote mbili. Ukitaka kujiridhisha, ioshe kwa spiriti, ikauke, izungushe karibu na sikio. Ikilia kama inatafuna mchanga, umejibiwa.

Kuitoa: bodi peke yake ndani ya oveni, nyuzi 120 hadi 150, dakika kumi na tano hivi. Shika kwa glavu nene, igonge kwa nguvu juu ya ubao, upande wa nyuma ukitazama chini. Aluminiamu imepanuka kuliko chuma, beringi ya nyuma inadondoka yenyewe. Ya mbele isukume kutoka ndani kwa kijiti cha mti. Kurudisha ni kinyume chake: beringi mpya zilale ndani ya friza, bodi iwe ya moto, na zitaingia bila kupigwa. Zishuke sawa; ikiingia upande, pasha tena, usigonge.

Saizi soma kwenye beringi yenyewe, au pima kwa venia. Injini nyingi za 21 hutumia mbele beringi ya 607, yaani tundu milimita 7, nje 19, upana 6, na hiyo wauza beringi wa Dar es Salaam wanayo. Ya nyuma ni kubwa na nyembamba, huenda ukaiagiza. Ya mbele iwe na kifuniko cha mpira upande wa nje ili isivute hewa. Ya nyuma iwe wazi pande zote, kwa sababu inalainishwa na fueli inayopita. Na ya nyuma isiwe yenye kizimba (kinachotenganisha gololi) cha plastiki ya kawaida.

Kabureta

Kabla ya kufungua sindano yoyote, ifunge hadi mwisho kwa wepesi huku ukihesabu mizunguko, uandike. Sindano kuu ni ya mwendo wa kasi, ile ndogo upande wa mkono wa throtoli (mlango wa hewa wa kabureta) ni ya mwendo wa chini, na skrubu ya tatu inazuia throtoli isifunge kabisa. Ukiifunga sindano kwa nguvu utaichimba kiti chake, na kabureta haitasikia marekebisho tena.

Oshea kwa spiriti, puliza kila tundu. Oringi badilisha zote. Za naitrili zinazouzwa kwa boksi kwenye maduka ya spea zinafaa. Hewa inayoingia kwa siri chini ya kabureta au kwenye kifuniko cha nyuma husababisha injini kukimbia juu na chini bila mpangilio, na watu wakahangaika na sindano wiki nzima. Nikishaifunga natia silikoni nyembamba sana kwenye shingo ya kabureta. Nyembamba, nimesema, ikizidi inaingia ndani.

Mipira ya fueli iwe ya silikoni. Kwa methanoli inakaa miaka. Usichukue mpira huohuo ukautumie kwa petroli, utavimba.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, kila kitu kikiwa na mafuta, skrubu za kichwa zikikazwa kwa kuvuka kidogo kidogo. Upande wa konrodi ambao ukingo wa tundu lake umekatwa mshazari utazame krenki. Ukizungusha kwa mkono bila plagi, isikwame popote isipokuwa pale juu.

Fueli

La pili katika yale matatu: mafuta ya tuti ya boti, yale ya kuchanganya na petroli. Hayachanganyiki na methanoli. Utatikisa chupa, yataonekana yamekubali, kisha yatajitenga, na injini itakimbia kavu hadi ijikamate. Nyonyo huchanganyika na methanoli sawasawa.

Fueli ya dukani ina naitro asilimia 10 hadi 25 kwa magari, na ni bidhaa ya hatari kusafirisha. Kwa injini kongwe ya kufurahia, mimi hutumia methanoli asilimia 80 na nyonyo asilimia 20, bila naitro kabisa, mchanganyiko unaotumika hata kwenye mashindano ya kimataifa ya ndege ndogo. Nguvu inapungua na mwendo wa chini hautulii sana, lakini mafuta ni mengi na injini inapoa vizuri. Tumia plagi ya daraja la moto zaidi. Nyonyo iwe safi tupu. Ile ya nywele iliyotiwa nazi na manukato waachie wenye nywele.

Methanoli inunue kwa wauza kemikali wenye kibali, na usiitie kwenye begi la boti ya abiria. Ni sumu inayopofusha na kuua, hupenya hata ngozini. Kamwe isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Moto wake mchana karibu hauonekani. Utahisi joto kabla ya kuona mwali. Weka ndoo ya maji karibu, kwa kuwa methanoli huchanganyika na maji na moto huzimika.

Kuwasha

La tatu: betri. Plagi ya injini hii haitoi cheche. Ina waya mwembamba wenye platinamu. Unaupasha kwa betri, na ukishawaka, methanoli ikigusana na platinamu hufanya waya uendelee kung'aa bila betri. Unahitaji volti 1.2 hadi 1.5 tu. Ukiunganisha betri ya boti ya volti 12, waya umekwenda kabla hujapepesa jicho. Ijaribu plagi nje kwanza: waya wote ung'ae rangi ya chungwa. Ukiwaka nusu tu, itupe. Injini kongwe nyingi hutumia plagi ya kawaida yenye washa ya shaba, si ile yenye kiti cha koni, na hazibadilishani.

Sindano kuu ifungue mizunguko miwili na nusu hadi mitatu, au vile ulivyoandika. Throtoli iachie mwanya wa kama milimita moja. Pasha kichwa kwa draya, hasa kama silivu ni mpya. Vuta kamba kwa mikupuo mifupi, usiifikishe mwisho. Ikikaza ghafla kama ukuta, imejaa fueli juu ya pistoni na kimiminika hakigandamiziki. Toa plagi, funika tundu kwa kitambaa, zungusha imwage, rudisha.

Ikiwaka, iache inguruma na moshi mwingi. Moshi ni mafuta, na mafuta ndiyo uhai wake. Matangi ya mwanzo yapite hivyo, uizime ipoe kila baada ya tangi. Baadaye kaza sindano kuu thumuni ya mzunguko kwa mara moja, ukiangalia moshi usikatike hata kwa kasi ya juu. Dondosha tone la maji kichwani: likichemka kwa sekunde mbili tatu, joto liko sawa, likitoweka papo hapo, fungua sindano.

Kuizima, ziba ekzosi kwa kitambaa kinene au bana mpira wa fueli. Kisha mwaga fueli yote iliyobaki tangini, iwashe imalize iliyo kwenye kabureta, na toa plagi. Dondosha mafuta ya giaboksi ya otomatiki kupitia tundu la plagi na kabureta, zungusha mara kadhaa, na kabla ya kuifungia kwenye mfuko, hakikisha pistoni iko chini. Ikipoa ikiwa juu, pale penye kubana, utarudi kwenye draya.